Kasha la Bei Nafuu Lililokwama Usoke

Usoke si mji unaotajwa mara nyingi magazetini. Msafiri atokaye Tabora kuelekea Urambo na Kaliua huuona kwa dakika chache tu: kituo cha reli, miembe, maduka yenye mabati yaliyopauka kwa jua, baiskeli zilizoegemezwa kibarazani, kisha nyumba huisha na msitu wa miombo hurejea pande zote mbili za njia. Anayeshuka hapo aghalabu ana shughuli: tumbaku, asali, mbao, shule au jamaa.

Mimi nilishuka hapo mwezi wa Agosti 2025 nikiwa na kasha tupu begani. Naam, tupu. Lilikuwa kasha la kompyuta ya mezani, lile ambalo watu wengi huliita "sipiyu", ingawa sipiyu hasa ni kile kidude kidogo cha ndani kinachofanya hesabu. Nilikuwa nimelitoa Dar es Salaam kwa uangalifu kama wa mtu aliyebeba mayai, na nilikuwa na hakika kwamba nimemletea dada yangu mkubwa zawadi ya maana kuliko alivyotarajia.

Dada ana stesheneri ndogo karibu na kituo. Hapo huchapa barua za chama cha ushirika, mitihani ya shule za jirani na wasifu wa vijana watafutao kazi. Mwezi ule wa Agosti ulikuwa na kazi ya pekee, kwa kuwa vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wakijaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na maombi hayo hujazwa kwa kompyuta. Kompyuta yake ni moja tu. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, na kwa miaka minne imelipa ada ya watoto wawili.

Mwezi wa Julai, ikirudishwa kutoka kwa fundi Tabora, ilianguka kutoka kwenye pikipiki. Kwa bahati njema ya ndani ilisalimika. Lakini kasha lilipinda, uso wake ukapasuka, kitufe cha kuwashia kikapotea, na kifuniko cha ubavuni kikabaki barabarani. Tangu siku hiyo dada aliiwasha kwa kugusisha nyaya mbili. Vumbi la kiangazi lilikuwa likiingia bila hodi, na asubuhi moja alimkuta mjusi amejikunja juu ya feni.

Akanipigia simu. "Mdogo wangu, nitafutie kasha jingine huko Dar es Salaam. La bei nafuu, lakini lifunge vizuri." Jioni hiyohiyo akanitumia fedha, sehemu ya mauzo ya karanga zake.

Nilikwenda Kariakoo. Makasha yalikuwa yamepangwa hadi darini: meusi, meupe, yenye ubavu wa kioo, yenye feni zinazowaka taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Nikapata moja lenye kioo na feni tatu za taa mbele, tena kwa bei chini ya ile aliyotuma dada. Muuzaji aliniuliza swali moja: "Ubao wako ni wa saizi gani?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye, "Wa kawaida." Jibu hilo ndilo lililoniponza.

NJIA YA MIZIGO

Nilitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024. Kutoka Dodoma nikashika basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi, na kesho yake gari dogo la Usoke. Mwendo wote huo nilikuwa nimelipakata kasha langu. Kulipokucha, pale miombo inapoanza kukaza, nikawa nafikiri juu ya watu waliopita pande hizi na mizigo kabla yangu.

Hii ni nchi ya mizigo. Kabla ya reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kila kitu kilichotoka pwani kilikuja kwa kichwa au kwa bega la mtu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikapumzika Unyanyembe palipo Tabora ya leo, kisha mingine ikaelekea Ujiji. Wapagazi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kwao upagazi ulikuwa kazi yenye heshima, yenye kanuni zake na ujira wa kupatana, na kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo. Kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili sabini, au kilo 32 kwa hesabu ya leo. Nguo zilikunjwa, zikagandamizwa na kufungwa robota hata likalingana na bega la mwanadamu. Robota hilo likiitwa mtumba. Neno hilo twalitumia sasa kwa nguo na vyombo vilivyotumika ng'ambo, hivyo kompyuta ya dada yangu nayo ni mtumba, kwa maana mpya.

Kipimo cha uzito hakikutosha. Mfanyabiashara alipaswa kujua pia kilichokubalika huko aendako. Ushanga ulikuwa na rangi na aina nyingi, na kila nchi ilipenda ya kwake. Rangi iliyopendwa mahali hapa ilikataliwa siku chache mbele. Stanley alipokuwa Zanzibar akijitayarisha kwa safari yake ya mwaka 1871, ilimlazimu kuwauliza wafanyabiashara wenyeji ni ushanga gani na nguo gani zichukuliwe, na kwa kiasi gani. Asiyeuliza aliweza kumtembeza mpagazi miezi mitatu na mzigo usionunua hata kibaba cha mtama.

Bara kosa la namna hiyo halikurekebishwa upesi. Mwaka 1872, Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Februari hadi Agosti, na baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi alikuwa akiwangojea watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Mwaka mmoja kabla yake, vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia hii ya magharibi, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Katika nchi ya mbali namna hii, kilichopakiwa vibaya pwani hulipiwa bara.

Niliyakumbuka hayo yote kama hadithi nzuri ya kuandikia makala. Haikunipitikia hata kidogo kwamba yananihusu mimi na kasha langu.

CHINI YA MWEMBE

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari." Akanikaribisha chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, huku akilitazama kasha kwa furaha ya mtoto. Vijana watatu waliokuwa wakingoja kujaza fomu walikuja kulishangaa. Mmoja akauliza kama taa zake hubadilika rangi. Nikasema ndiyo, kana kwamba nilizitengeneza mimi.

Tukaitoa meza uani, chini ya mwembe. Kijana fundi wa simu aliye jirani akaja na bisibisi zake. Tulichomoa waya wa umeme, tukapangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, tukafungua kompyuta ya zamani, tukavipanga vyombo vyake juu ya kitambaa. Kisha tukaushika ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, tukauweka ndani ya kasha jipya.

Haukukaa. Matundu ya skrubu mawili yalilingana, mengine yakapishana kwa upana wa kidole. Feni iliyo juu ya sipiyu ilikuwa imekazwa kwa skrubu ndefu zilizopita katika ubao hadi kwenye bati la kasha la zamani, na kasha jipya halikuwa na mahali pa kuzipokea. Nyuma, kile kibati chenye matundu ya nyaya hakikuweza kutolewa, kwa kuwa kilikuwa sehemu ya kasha lenyewe. Kifaa cha kugawa umeme, yaani pawa saplai, kilikuwa chembamba na kirefu, wakati nafasi yake katika kasha jipya ilikuwa pana na fupi. Hata kichwa cha waya wake kilikuwa tofauti na kile cha pini 24 kinachotumika katika kompyuta nyingi.

Fundi wa simu alijaribu mara ya pili, kisha ya tatu, kwa heshima tu. Akaweka bisibisi chini. "Hii imezaliwa na nyumba yake," akasema.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kuunganishwa kiwandani, hasa zile ndogo za ofisini. Mtengenezaji huunda ubao, kasha na pawa saplai vikijuana vyenyewe kwa vyenyewe. Hupunguza gharama, huokoa nafasi, na kazi hufanyika vizuri kwa miaka mingi. Lakini siku kimoja kikiharibika, vya dukani havifai kukirithi.

Dada hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mbona hukuniuliza vipimo? Ningechukua rula."

Sikuwa na jibu. Tangu alipopiga simu hadi nilipolipa zilipita siku nne, na katika siku hizo nilikuwa nimeuliza bei peke yake. Nilidhani aliyeko Usoke hana la kunifundisha juu ya kompyuta, ilhali yeye ndiye aliyekuwa nayo mezani kila siku. Wale vijana watatu walikuwa bado wamekaa kibarazani na vyeti vyao ndani ya bahasha.

KIPIMO CHA MZINGA

Ng'ambo ya reli yuko mzee mmoja fundi seremala anayetengeneza mizinga ya nyuki. Dada alinipeleka kwake jioni ile. Akatusalimu kwa Kinyamwezi, nasi tukampa shikamoo yake. Tulimkuta akipiga randa vipande vya mbao, na kila alipomaliza kimoja alikilinganisha na kijiti kidogo alichokitundika shingoni kwa kamba.

Nilimwuliza kijiti kile ni cha nini. Akaeleza kwamba mzinga wa kisasa wa viunzi vya juu una vipande ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, sega moja kwa kila kipande. Kwa nyuki wetu wa Afrika kipande huwa na upana wa milimita 32. Nyuki wa Ulaya, aliye mkubwa zaidi, hupewa kama 35. Upana ukikosewa, nyuki hawatagoma wala hawatahama. Watajenga hivyo hivyo, lakini wataunganisha sega hili na lile, na siku ya kuvuna utalazimika kuvunja kila kitu.

"Mzinga unaweza kuupaka rangi upendayo," akasema mzee. "Nyuki haangalii rangi. Wewe kasha lako ulimpimia nani?"

Nikasema kweli kwamba nilipimia macho yangu. Mzee alicheka, akaomba aletewe kasha la zamani.

Aliligeuza, akaligonga kwa ncha ya kidole, akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayeangalia unyoofu wa boriti. Mifupa yake, alisema, haikuvunjika. Ilipinda upande mmoja tu. Usiku ule tulikubaliana. Asubuhi akalinyoosha kwa nyundo ya mti juu ya gogo. Akakata kifuniko kipya cha ubavu kwa bati, akakunja kingo zake ili zisimkate mtu, na mahali pa feni akaacha dirisha la wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyompitisha mjusi. Uso uliopasuka akaufungia fremu nyembamba ya mninga, nayo katikati akaitia wavu, hewa ipite. Alitaka kutengeneza kasha zima kwa mninga, mti ambao Tabora inajulikana kwao. Fundi wa simu akamweleza kwamba bati la chuma lina kazi yake: hushikilia ubao, na huungana na waya wa ardhini kwa usalama. Mzee akakubali mara moja, na mti ukabaki usoni tu.

Kitufe cha kuwashia tulikitoa katika kasha jipya. Kitufe hicho kazi yake ni kukutanisha nyaya mbili kwa nukta moja, ndiyo maana dada aliweza kuiwasha kwa kuzigusisha. Fundi wa simu akaziunga kwa risasi, akazifunika vizuri. Kabla ya kufunga tulihakikisha kwamba hakuna bati linalogusa ubao, na kwamba hakuna skrubu iliyosahaulika ndani.

Mchana kompyuta iliwaka. Wale vijana wakaingia mmoja mmoja, na wa mwisho alimaliza fomu yake taa za kibarazani zikiwa zimekwisha kuwashwa. Malipo ya mzee na ya fundi wa simu kwa pamoja hayakufikia nusu ya bei ya kasha nililolileta.

ATAKAYE KUNUNUA AANGALIE NINI

Naandika haya kwa ajili ya msomaji ambaye nyumbani kwake, au katika duka lake, kuna kompyuta ya namna hii. Ziko nyingi mijini, na makasha yake yanachoka kabla ya vilivyomo.

Kwanza afungue na kupima. Ubao wa kawaida hufuata mfumo uitwao ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Ule mkubwa una milimita 305 kwa 244. Mdogo wake, microATX, una 244 kwa 244. Mdogo zaidi, Mini-ITX, una 170 kwa 170. Kama vipimo vya ubao wako si hivyo, au matundu ya skrubu hayafuati mpango huo, usinunue kasha bado.

Pili atazame pawa saplai. Ile ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na kichwa chake kikuu kina pini 24. Ikiwa ya kwako ni nyembamba, ndefu, au ina kichwa kidogo, uliza kwanza. Zipo nyaya za kuunganishia, lakini gharama yake ijumlishwe katika hesabu kabla ya kusema kasha ni rahisi. Na lile kasha linalouzwa pamoja na pawa saplai ya bei ya kutupa litiliwe shaka, kwani pawa saplai mbovu inaweza kuua vyombo vyote vilivyo ndani. Ya zamani nayo isifunguliwe na asiye fundi. Huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Tatu aangalie nyuma na mbele. Je, kibati cha nyuma chenye matundu ya nyaya hutoka, au ni sehemu ya kasha? Je, feni ya sipiyu imekazwa kwenye ubao, au imepenya hadi kwenye bati? Je, waya wa kitufe na wa matundu ya mbele una kichwa cha kawaida? Baadhi ya kompyuta za kiwandani, zikikosa waya wa mbele au feni zilizoizoea, huandika onyo na kugoma kuendelea mpaka mtu abonyeze kitufe.

Nne, akikuta kwamba vyote ni vya kawaida, achague kwa kufuata mahali pake pa kazi. Penye vumbi na joto, uso wenye wavu na chujio linalotoka kwa kuoshwa ni bora kuliko kioo kizuri kinachoziba hewa. Hewa iingie mbele, itokee nyuma. Bati lisiwe laini hata likayumba kwa kusukumwa na kidole. Taa za rangi hazipozi kitu.

Na akikuta kwamba vyombo vyake vimezaliwa na nyumba yao, basi kasha la bei nafuu kuliko yote ni lile alilonalo, likinyooshwa na kupewa kifuniko.

Nilimrudishia dada fedha zake zote za karanga. Alikataa, nikasisitiza, akazipokea. Kasha la kioo halikurudi Dar es Salaam, maana nauli ya kulirudisha na kubembeleza lipokewe dukani vingezidi thamani yake. Dada amelilaza juu ya kaunta, ametia ndani kalamu, rula na madaftari ya kuuza, na kioo chake kinawaonyesha wateja bidhaa bila kuingiza vumbi. Watoto wa shule hulipenda.

Siku ya kuondoka nilipita kumuaga yule mzee. Alikuwa anamaliza mzinga, kile kijiti kikining'inia shingoni. Alinipa kingine alichokikata kwa mninga, cha milimita 32 barabara. Mimi sifugi nyuki. Nimekiweka juu ya meza yangu ya kazi, karibu na simu, nikione kila ninapoagizwa kitu na mtu wa mbali.